Ismay na Madirisha ya Kamishna

Ismay Grimmond aliingia kazini kwenye jumba la Kamishna wa serikali ya kikoloni, katika mji wa New Amsterdam kando ya mto, akiwa na miaka kumi na saba. Shangazi yake alikuwa dobi wa jumba hilo, na ndiye aliyemwombea nafasi. Kazi aliyopewa ilikuwa ya madirisha.

Madirisha yenyewe yalikuwa ya mbao, yameinamia nje kama ukingo wa kofia, na chini ya kila moja palikuwa na kisanduku chenye matundu. Barafu ilitoka Georgetown, mji mkuu, kwa treni, ikavushwa mto kwa feri ikiwa imefukiwa katika unga wa mbao. Kila mchana Ismay aliibeba ghorofani akaipanga visandukuni, na upepo wa baharini ukipita juu yake uliingia chumbani umepoa. Wakubwa walipata usingizi. Ismay alipata vidole vilivyokufa ganzi, na vilipozinduka viliuma mpaka machozi yakamtoka.

Mtaani walimtania. "Ismay, tufungie na sisi upepo kidogo kwenye leso."

"Leteni leso safi kwanza," aliwajibu.

Mwaka wa pili mama yake, Drusilla, alishikwa na homa. Muuguzi alisema apozwe mwili, lakini maji ya pipa yalikuwa vuguvugu, na mgonjwa alizidi kuweweseka. Ismay akamwendea Bwana Applewhaite, msimamizi wa jumba, mtu wa kisiwa cha Barbados aliyenyooka kama mlingoti wa bendera.

"Bwana Applewhaite, naomba kipande cha barafu. Mama anaungua."

"Pole, binti. Lakini nikikupa wewe leo, kesho mpishi atataka, keshokutwa mtunza farasi. Kamishna nitamjibu nini?"

"Mwambie imeyeyuka."

"Panda juu ufanye kazi yako."

Alipanda. Mke wa Kamishna alikuwa amejilaza, kichwa kinamgonga, kitambaa machoni. Ismay akaitia barafu kisandukuni, akasimama akiitazama inavyoanza kutona. Kisha akaitoa tena, akaifunga ndani ya aproni yake.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza yule mama.

"Naitoa, mama. Mama yangu mzazi ana homa kali. Leo naomba ulale na upepo mtupu."

Yule mama akaondoa kitambaa, akamtazama. Ismay alikuwa akiingia chumba kile kila mchana, lakini alitazamwa kama mgeni.

"Chukua na ile ya dirisha la pili," alisema hatimaye. "Na ushuke kwa ngazi ya mbele. Ya nyuma itakuchelewesha."

Ngazi ya mbele ndiyo iliyomponza. Applewhaite alimwona akishuka, maji yakidondokea zulia. Hakumzuia, alimfungulia mlango. Ismay alikimbia hadi nyumbani aproni ikimlowesha miguu, na iliyofika ilikuwa nusu tu. Yeye na muuguzi wakampangusa Drusilla paji la uso, kwapa na nyayo, vipande vilivyobaki wakamtia mdomoni. Kesho yake homa ikashuka. Akaomba uji wa ndizi, kisha akalalamika kwamba hauna sukari.

Aliporudi kazini, Ismay alikuta madirisha yamepewa mwingine.

"Mke wa Kamishna amekuruhusu, nami siwezi kupinga," Applewhaite alimwambia. "Lakini mimi nilikukataza, nawe ukanipita. Kuanzia leo utapiga pasi."

Basi akahama kutoka barafu hadi mkaa. Chumba cha pasi kilichemka kama tanuri, na siku za mwanzo alilia humo akisingizia moshi. Ila vidole vyake vilipona. Baadaye alisikia kwa mpishi kwamba Applewhaite naye alikuwa na mama huko Barbados, akafa yeye hayupo. Hakumchukia tena tangu hapo, ingawa hakuwahi kumwamkia wa kwanza.

Chumbani humo ndimo alimompata Cuthbert, seremala wa serikali, aliyekuja mara kwa mara kutengeneza meza ya pasi ambayo haikuwa na kasoro. Wakaoana. Makamishna wakaja wakaondoka, nchi ikapata bendera yake, na mkubwa mpya wa jumba akaletewa viyoyozi. Cuthbert akaagizwa apigilie madirisha misumari, ubaridi usitoroke. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mbao nzima kabisa, nimezifunga kama jeneza."

"Ungetumia misumari mifupi."

"Kwani unadhani nilitumia ipi?"

Ikaja miaka ya umeme kukatika. Viyoyozi vikabaki ukutani kama makabati matupu, na wenye jumba wakawa wanalala kwenye veranda. Msimamizi wa wakati huo, dada aitwaye Verlyn, akawaita wale wazee wawili. Mikono ya Cuthbert ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo Ismay ndiye aliyeng'oa misumari, mumewe akishika ngazi na kutoa amri.

"Vuta kwa chini."

"Navuta."

"Huko si kuvuta, huko ni kubembeleza."

"Nilikubembeleza wewe ukatoka kwa mama yako, sembuse msumari."

Verlyn alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Walipofungua chumba cha yule mke wa Kamishna, upepo uliingia na vumbi la miaka. Ismay, pale juu ya ngazi, akainama kutazama kisanduku kikavu chini ya dirisha.

"Unawaza nini?" Cuthbert aliuliza.

"Sikupandishwa huku tena. Sikupata kumwambia kwamba mama alipona."

"Labda aliambiwa."

"Labda."

Akajipangusa uso kwa kiwiko, akashuka, wakaisogeza ngazi pamoja. Vyumba vya upande wa mto vilikuwa bado.