Maji ya Mchele kwenye Aloe Yangu

Aloe yangu ilianza kulegea muhula wa pili. Majani yakawa manjano na laini kama ndizi iliyobonyezwa na kila mteja. Nilipewa na aunty wangu wa Kawangware siku nilipotoka kwake, baada ya kukaa naye miaka mitatu, nikarudi kwa mum hapa Kianda. Aliipanda kwenye mkebe wa rangi akaniambia niitunze. Ilipoanza kufa niliona aibu hata kumpigia simu.

Mwishowe nilimpigia. Nilimwambia naimwagilia mara moja tu kwa wiki.

"Basi kuna mtu mwingine anaimwagilia," akasema. "Keti uangalie."

Jumamosi nikaketi mlangoni na kitabu cha Biology. Saa mbili asubuhi, jirani yetu anayepika chapati akatoka na maji aliyooshea mchele, akayamimina mkebeni polepole. Saa nne fundi wa viatu, wa mlango wa mwisho, akamwaga yaliyobaki kwenye kikombe chake. Mchana ikawa zamu ya mum mwenyewe, na maji ya kusuuza mboga za sukuma. Hapa maji tunanunua kwa mtungi, kwa hivyo hakuna anayeyatupa mtaroni kama kuna kitu cha kuyanywa. Kila mmoja alidhani mimi husahau.

Kuwaambia kungechukua dakika moja. Lakini mimi husalimia watu nikiangalia viatu vyao. Nikaandika karatasi, "Tafadhali usimwage maji hapa," nikaibandika kwenye mkebe.

Kesho yake jirani wa chapati alimwaga upande wa pili, karatasi isilowe.

"Kazi yako ya shule usiiache nje, mrembo," akaniambia. "Itaharibika."

Maandishi yangu ni madogo sana. Nikasema asante.

Alipoingia ndani niliulaza mkebe nikaitoa aloe yote. Udongo ulinuka kama maji ya chombo cha maua kilichosahauliwa kanisani. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, ukiivuta ngozi inabaki mkononi. Na mkebe haukuwa na tundu hata moja. Kwa Aunty haikuwa shida, maana aliyeimwagilia ni yeye peke yake. Nikachemsha wembe, nikaanza kukata iliyooza.

Jirani akatoka tena, sufuria mkononi. "Ona, ina kiu hadi imelala."

"Usimwage!"

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Fundi wa viatu akainua kichwa. "Kumbe huyu huongea."

Nikawaka uso mzima, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikamwonyesha jirani mizizi. Aliinama akainusa, akakunja pua.

"Hii tumeiua sisi?"

"Haijakufa. Hii myeupe bado ni mizima. Inataka tu kukauka."

Fundi aliuchukua mkebe, akapasha msumari moto kwenye jiko la jirani, akautoboa matundu matano chini, kisha akarudi kwenye soli yake.

Niliiacha aloe juu ya gazeti siku mbili ili vidonda vikauke. Nikaweka vipande vya makaa ndani ya mkebe, chini kabisa, juu nikajaza udongo niliochanganya na mchanga mwingi, nikaipanda bila maji. Sasa jani la katikati limesimama, gumu. Nimemtumia Aunty picha, amesema atakuja kuiona.

Kwenye shina nilikuta mtoto mmoja mwenye mizizi yake mwenyewe. Huyo nilimpelekea jirani wa chapati kwenye kopo lenye matundu. Nikabisha mlango mwenyewe, nikamwambia asimpe maji mpaka nimwambie.

"Hata ya mchele? Kidogo tu?"

"Hata ya mchele."

Kati ya chumba chake na chetu kuna mabati tu. Kila jioni akimaliza kuosha mchele anaugonga ukuta.

"Madam, bado?"

"Bado," najibu, kwa sauti ya kusikika.