Kompyuta ya Abdulkadiri na Nailoni Zake

Nyumbani kwa Abdulkadiri, Mchafukoge, ghorofa ya tatu, mgeni hukaribishwa akae juu ya nailoni. Makochi yaliingia mle binti yao Zamzam akiwa mchanga. Zamzam sasa ameolewa Tanga, lakini ukikaa bado yanalia chini yako kama mfuko wa mkate. Rimoti imo ndani ya nailoni. Friji ina vibandiko vyake vyote, hata kile kinachoeleza kwamba ndani kuna taa. Saa ya ukutani ina ngozi nyembamba juu ya kioo, nayo imejikunja upande mmoja, hivyo kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja mshale mfupi hauonekani na mtu hukadiria.

Si ubahili, ingawa wapo wanaosema hivyo. Abdulkadiri anauza makufuli na vitasa Kariakoo, na dukani kwake, juu ya kichwa chake, ametundika kibao alichokiandika kwa mkono wake: MALI IKISHATOLEWA NAILONI HAIRUDI. Kwa kibao hicho amewahi kuwarudisha nyumbani watu wazima wakiwa karibu kulia. Mtu anayeishi kwa sheria moja mchana kutwa haivui mlangoni pamoja na viatu. Kwake yeye, kitu chenye nailoni bado kina njia ya kurudi kilikotoka. Ukikivua, umekioa.

"Na mimi je?" mkewe, Zulekha, alimwuliza siku moja mbele yetu majirani. "Miaka yote hii bado unaangalia kama nitarudishwa?"

"Wewe hukuja na risiti," Abdulkadiri akajibu, akaendelea kumenya chungwa.

Zulekha anadarizi mashuka ya maharusi. Mashine yake husoma mchoro kutoka kwenye flashi, na michoro hiyo lazima itengenezwe kwenye kompyuta, kwa hiyo kwa muda mrefu alikuwa akimpelekea Mboni, mwanamke mwenye kiofisi chembamba kwenye ujia wa jengo moja la Kariakoo. Mboni ana mkono mzuri. Tatizo ni kwamba mkono huo haubagui. Ua ambalo Zulekha amelibuni Jumatatu, Alhamisi utalikuta limening'inia kwenye mashuka ya watu wengine mtaa mzima, na Mboni atakuambia, "Dada, maua ni ya Mungu."

Safari hii Zulekha alikuwa na ua ambalo hakutaka liguswe. Lilikuwa ua la mlangilangi, petali zake zimepinda kama vidole vya mtu anayeonja mchuzi. Alilichora kwenye karatasi ya manila kwa ajili ya bibi harusi wa Jumapili ya wiki iliyofuata, ambaye mama yake alishaapa kuwa shuka la mwanawe halitafanana na la mtu. Zulekha aliificha karatasi ile chini ya godoro na kusema kwa Mboni haiendi.

"Nitakutengenezea kompyuta," Abdulkadiri akasema.

"Si ununue tu?"

"Iliyounganishwa tayari imeshashikwashikwa na watu."

Akanunua kipande kimoja kimoja, kila kimoja kwenye nailoni yake, kwa Isidori, Mchaga mwenye duka la vifaa vya kompyuta si mbali na duka lake la makufuli. Isidori alimpa wiki moja. Kitu kikirudi kama kilivyotoka atakipokea, kikirudi kimechokonolewa hakitambui. Abdulkadiri alimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa amekutana na mtu wa dini yake, ingawa mmoja anasali Ijumaa na mwenzake Jumapili.

Aliiunganisha Ijumaa baada ya swala, juu ya meza ya chakula, akifuata video kwenye simu. Fundi wa kwenye video alikuwa mikono tu, uso hauonekani, na mikono ile ilikuwa na tabia mbaya ya kubandua nailoni. Kila ilipobandua, Abdulkadiri aligeuza macho kama aliyeona jambo lisilo la heshima. Yeye alichukua wembe, na pale waya ulipopaswa kupita alikata kidirisha kidogo, waya ukapita, nailoni ikabaki. Alipomaliza alisema bismillahi na kubonyeza.

Feni zikazunguka. Taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Elimringi, muuza sufuria tunayemwita Mangi, anayekaa ghorofa ya chini yetu, alisikia habari kabla hajamaliza kupanda ngazi.

"Umeme mdogo, Shehe," akasema kutoka mlangoni.

"Mangi, hata hujaiona."

"Sihitaji kuiona. Jengo zima watu wanapiga pasi."

Akashuka kuamuru watu wazime pasi. Wakazima pasi, wakazima na friji, mama mmoja akazima hata redio ya betri ili asilaumiwe. Skrini nyeusi. Wakati Elimringi anatafuta nani bado ana kitu kimewaka, Abdulkadiri alizunguka nyuma ya kasha na kugundua kwamba nyuma pale kuna matundu mawili ya waya wa skrini, la juu na la chini, naye kachomeka la juu, na picha inatokea la chini. Akahamisha. Picha ikaja. Elimringi aliyekuwa akirudi alisema, "Mnaona? Nimemkamata wa ghorofa ya kwanza na jiko la umeme," na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Furaha haikufika magharibi. Kompyuta iliwaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Wakaiwasha. Ikazima mapema zaidi. Abdulkadiri akaitoa ram, kile kibao kidogo cha kumbukumbu, akaipangusa, akairudisha. Ikazima. Akabadilisha soketi ya ukutani. Ikazima. Akachomoa kila kisicho cha lazima, akabaki na vya lazima tu, kama mtu anayepunguza wasafiri ili gari lipande mlima. Ikazima.

Siku zilizofuata alirudi dukani kila asubuhi na kwenye meza kila jioni. Jumatano akagundua ukurasa wa mwanzo, ule wa mipangilio, ambako kuna namba ya joto la prosesa, ndiyo akili ya mashine. Namba ile ilikuwa ikipanda huku anaitazama. Ilipofika rangi nyekundu, mashine ikakata roho.

"Ina homa," akasema.

Kuanzia hapo tiba ikawa upepo. Feni ya sebuleni ilisogezwa, ikafuatiwa na feni ya chumbani. Elimringi akashika kipepeo cha jiko la mkaa na kuipepea kwa bidii kama anayechoma mahindi. Mashine ilidumu kidogo zaidi. Zulekha alikuwa amesimama na flashi mkononi, akiangalia mume na jirani wakitoka jasho mbele ya kompyuta iliyopigwa upepo pande tatu.

"Nikitaka kuchora," akauliza, "Mangi atakuwa hapa kila siku?"

"Nikilipwa chai," Elimringi akasema.

Zulekha hakucheka. Usiku ule alitamka kwamba kesho ikifika adhuhuri mashine haijatulia, anachukua karatasi yake na kwenda kwa Mboni. Bibi harusi hawezi kutandikiwa homa.

Alhamisi asubuhi Abdulkadiri aliizungushia kompyuta shuka, akaikumbatia, akaenda nayo kwa miguu hadi kwa Isidori huku wapagazi wakimpisha kwa heshima, wakidhani amebeba mgonjwa mdogo. Yaliyotokea pale kaunta alinisimulia Isidori mwenyewe, na kila akisimulia anafuta macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kurudisha. Ina homa."

Isidori akalifungua kasha na kuinamia ndani. Kila kitu kilikuwa kwenye nailoni yake. Vidirisha vya wembe vilikuwa vimenyooka kama vimekatwa kiwandani.

"Mzee, tangu nifungue duka sijapata mteja kama wewe. Hii naipokea yote, hata swali sina."

Abdulkadiri alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Kisha Isidori, kwa mazoea tu, akafungua skrubu za feni inayokaa juu ya prosesa, akaigeuza ile sahani ya shaba ya chini, ile inayotakiwa kulala juu ya prosesa na kunyonya joto lake. Akaikaribisha kwenye taa.

"Mzee, hii nailoni hukuitoa."

"Sijatoa hata moja."

"Hii inatolewa."

"Nani kasema?"

Isidori akamwonyesha. Kwenye kona ya nailoni kulikuwa na maandishi madogo mekundu yanayoamuru ibanduliwe kabla ya kufunga. Abdulkadiri akavaa miwani, akayasoma mara mbili.

"Wameandika hao," akasema. "Hao hawauzi Kariakoo."

"Mzee, hiyo prosesa inabeba zege juani, na wewe umeivalisha koti la mvua. Utaipepea mpaka lini? Joto linataka mlango, mlango umeuziba."

"Nikiibandua itatulia?"

"Itatulia."

"Isipotulia?"

Isidori alitazama pembeni. Hapo alipata taabu, maana alikuwa akimpenda mzee. "Ikishabanduliwa hairudi. Hilo unalijua kuliko mimi."

Abdulkadiri akasogea pembeni kuwapisha wateja. Akasimama, mkono mmoja juu ya kaunta, akiitazama ile sahani ya shaba. Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa Zulekha.

"Niko kwenye ngazi," Zulekha alisema. "Karatasi ninayo. Nashuka kwa Mboni."

"Adhuhuri bado."

"Mboni ana foleni. Nikichelewa sitampata leo."

Isidori anasema mzee alifumba macho. "Rudi juu," akasema kwenye simu. "Naibandua."

"Unabandua nini?"

"Nailoni."

"Nailoni ya wapi?"

"Ya feni. Ya chini."

"Baba Zamzam, uko salama? Uko na nani hapo?"

"Niko na Isidori. Rudi juu, mama. Ua lako likae kwako."

Akakata simu asije akajirudi. Akaomba aibandue mwenyewe. Ilimng'ang'ania, kwa sababu ukucha wake ulikuwa mfupi na mkono haukuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Isidori alitaka kusaidia, mzee akamzuia kwa kiwiko. Ilipotoka ilitoa mlio mdogo, na Abdulkadiri akasema, "Basi," kama mtu aliyemaliza kuchomwa sindano. Isidori akapangusa gundi iliyobaki, akatia dawa mpya ya kupitisha joto, nyeupe kama dawa ya meno, akafunga skrubu na kuwasha.

Namba ikapanda kidogo, ikasimama. Isidori akasema kazi imekwisha. Abdulkadiri alivuta stuli na kuikazia macho kama mtu mwenye maziwa jikoni, akakataa kuondoka mpaka adhana ya adhuhuri ilipomlazimisha.

Zulekha alikuwa kwenye kichwa cha ngazi, bado amevaa baibui. Aliitazama kompyuta, akaitazama sura ya mumewe, akaenda kumtilia chakula, na nyama ikawa nyingi kuliko siku za kawaida. Alasiri ile alikaa mbele ya skrini na hakunyanyuka ila kwa swala. Petali moja aliifuta na kuichora upya hadi mumewe akaanza kuogopa umeme utakatika. Haukukatika. Ijumaa mashine ya kudarizi ilikuwa ikilia toka asubuhi, na ua la mlangilangi likaanza kuota katikati ya shuka jeupe.

Makochi hayakuguswa. Zulekha alijaribu kuanzia na rimoti, akaambiwa asilewe ushindi.

Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa kwao, nailoni ikilia chini yangu. Zulekha alikuwa chumbani anakunja shuka na foronya zake. Kompyuta ilikuwa sebuleni, inawaka, na ua limejaa skrini nzima.

"Hodi," sauti ikasema. "Nimepita tu kuwasalimu."

Ilikuwa ya Mboni, ambaye katika miaka yote ya kufanya kazi na Zulekha hajawahi kupita tu. Mboni ni mjuzi wa kuchora, lakini kasha la kompyuta hajapata kulifungua tangu azaliwe. Jambo hilo halimzuii kuwa na maoni. Abdulkadiri aliangalia mlango, akaangalia ua. Mtu huyu ambaye huzima hata taa ya choo kwa adabu aliingiza mkono nyuma ya kochi na kuung'oa waya wa kompyuta ukutani.

"Karibu, shemeji," akasema.

Mboni akaingia, macho yakitangulia. "Nasikia mmejinunulia kompyuta."

"Tumejinunulia matatizo."

"Kwani inafanyaje?"

"Ilikuwa inawaka na kuzima. Leo hata kuwaka imekataa."

Uso wa Mboni ukang'aa kwa huruma. "Nilijua. Nilisema, hawa watakuja kulia. Hiyo ni ram, shemeji."

"Ram niliitoa nikairudisha."

"Basi ni madabodi, ule ubao mkubwa wa ndani. Hizi za kuungaunga ndivyo zilivyo." Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza. "Hebu bonyeza."

Abdulkadiri akabonyeza, taratibu, kwa kidole kimoja. Chumbani mlango ulifunguka, Zulekha akatoka na furushi kubwa kwapani, baibui limelifunika.

"Dada, pole," Mboni akasema kutoka chini ya meza. "Naona mambo yamewagomea."

"Tumechoka, mdogo wangu. Ngoja nipeleke kitu kidogo kwa watu, narudi."

"Nenda tu, mimi nipo na shemeji. Shemeji, bonyeza tena. Shikilia hapo hapo."

Abdulkadiri akashikilia. "Hivyo?"

"Hivyo hivyo. Unaona? Imekufa kabisa hii. Mwambie dada aache kuhangaika, michoro aniletee mimi."

"Nitamwambia," Abdulkadiri akasema, kidole bado kwenye kitufe, huku viatu vya Zulekha vikisikika ngazini, ghorofa ya pili, ghorofa ya kwanza, kisha barabarani.