Nani Ananivuta Rinda?

Nisikizeni, lakini msinicheke kabla sijamaliza. Mimi hufunza ushonaji katika chuo cha ufundi huku Matinyani, na kila asubuhi nawaambia wanafunzi, "Macho kwa sindano!"

Juzi tulingoja mkaguzi, aje aone kama darasa letu linastahili kuendelea. Nilikuwa kwa cherehani nikipinda kitambaa cha meza yake, na mlio wa pedali ukanibembeleza hadi nikaanza kuota. Nikamwona mwanafunzi wangu Mwende na duka lake kule Mtito Andei. Madereva wa malori wamepiga foleni kushonewa mashati, na juu ya mlango kibao kina jina langu.

"Mwalimu, mgeni!" Sauti ikaniamsha.

Nikasimama niende kumsalimu. Kupiga hatua, rinda likavutwa kwa nyuma. Machozi yakanilengalenga. Kumbe watoto hawa wananipenda hivi?

"Mwende, niachilie," nikasema kwa upole. "Siendi mbali."

"Mwalimu, mimi niko huku kwa mlango," Mwende akajibu, akiwa kando ya mkaguzi. "Umejishona na kitambaa cha mgeni."