Jiwe Alilokumbuka Baba Mkwe

Mume wangu alipofariki, ndugu yake mdogo aling'oa maua ya mpaka, akayapanda hatua ishirini ndani ya shamba langu na kuweka kahawa yake hapo. Alisema baba yao alimpa hiyo sehemu mwaka uliopita. Mzee alikuwa ameanza kusahau, ukimuuliza anakubali chochote. Na hiyo sehemu ndiyo ilikuwa inalisha watoto wangu.

Nilimwomba Mungu anisaidie kusamehe. Nikamwomba pia asiharakishe.

Wakati huo nilikuwa nasoma ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima. Mwalimu wa biolojia akatuambia ubongo hauweki mambo yote pahali pamoja. Jambo jipya linashikwa kwanza sehemu ndogo huko ndani, kama mahindi umeanika uani. Yale ubongo unaona ni ya maana unayahamisha polepole, sanasana ukiwa umelala, mpaka sehemu ya juu, kama kupeleka ghalani.

"Ugonjwa wa wazee wa kusahau unabeba ya uani kwanza," akasema. "Ya ghalani yanakaa."

Sikuandika kitu kwa daftari. Nilikuwa nafikiria shemeji.

Siku naibu wa chifu alikuja shambani na wazee wa kijiji kuamua kesi yetu, baba mkwe akiwa amekaa katikati yetu, shemeji alinicheka mbele yao. "Shemeji, leo unatufundisha nini? A, e, i?"

"Leo mwalimu ni baba," nikamjibu.

Akamgeukia mzee. "Baba, si ulinipa hapa mwaka jana?"

"Ndio, ndio," mzee akasema.

Nikamshika mkono. "Baba, ile siku uligawia vijana wako shamba, wakiwa bado wadogo, ulianzia wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Kwa jiwe. Jeupe. Nililibeba kutoka mtoni, likaniponda kidole, nikalizika." Akatembea peke yake, akapita maua, akapita kahawa yote, akagonga chini na bakora. "Hapa."

Wakachimba. Jiwe likaonekana, na kahawa yote ilikuwa upande wangu.

Naibu wa chifu akasema mzee hangeweza kumpa mmoja shamba alilokuwa ameshampa mwingine, kahawa itolewe, akauliza kama nitakubali vibarua waing'oe kesho.

"Hapana," nikasema. "Aliyepanda ang'oe. Leo. Na mikono yake."

"Mama, watoto wake wanaangalia."

"Wangu pia waliangalia akipanda."

Nikaketi kwa nyasi. Shemeji aling'oa moja moja mpaka mikono ikatoka damu. Jua lilikuwa kali. Alipoomba maji, nikamwambia mto uko pale chini.