Bei ya Isipingo

Wewe ungethubutu kudai haki yako kwa mtu ambaye kwa simu moja tu anaweza kukutoa kazini?

Usijibu haraka. Pascal alikaa na swali hilo siku tatu nzima.

Alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, zamani mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na sasa, mwaka wa nne, mlinzi wa magari kwenye uwanja wa maduka kando ya barabara ya Umbilo, ugenini, kwenye mji wa Wazulu. Kazi hiyo haina mshahara. Mlinzi huvaa kizibao kinachong'aa, humwonyesha dereva pa kuegesha, hulitazama gari kwa jua na kwa mvua, na dereva akirudi humpa sarafu akipenda. Tena mlinzi ndiye anayelipa: kila asubuhi humkabidhi msimamizi ada ya kusimama, ndipo agawiwe safu yake. Msimamizi wao aliitwa Gaël, Mkongo mwenzake, lakini wenye maduka ndio waliompa amri Gaël. Machano, Mzanzibari mpole asiye na neno na mtu, aliwahi kubishana na duka la dawa kuhusu ufunguo wa choo. Kesho yake kizibao chake kilivaliwa na mwingine, na hakuna aliyeuliza.

Safu ya Pascal ilikuwa ile ya mbele ya duka la vyombo vya umeme, safu nono kuliko zote. Kwenye kioo cha duka hilo kulikuwa na maandishi ya njano, kila herufi ukubwa wa kichwa cha mtoto: ukikuta bidhaa ileile kwa bei ndogo mahali pengine, nasi tutakuuzia kwa bei hiyo. Pascal aliyasoma kila siku kwa miaka minne, jinsi mtu anavyosoma jina la mtaa asiokaa.

Jumatatu friza ya mkewe ikafa. Félicité aliuza samaki wa barafu na sombe, yaani kisamvu, kwa Wakongo na Warundi wa mtaani, na biashara hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya chumba. Samaki wakahamishiwa haraka kwenye friji ya saluni ya rafiki yake Cathy.

"Dada, nakupa mpaka Ijumaa," Cathy alimwambia. "Wateja wangu wanasukwa nywele kizuri, wanatoka hapa wananuka soko la Uvira."

Duka la mbele ya safu ya Pascal liliuza friza kwa randi elfu nne. Félicité akarudi kutoka Isipingo, pembeni kabisa ya mji, na karatasi ya matangazo ya duka la huko: friza ileile, namba ileile, elfu tatu na mia mbili, bei inakwisha Jumapili. Hela waliyokuwa nayo ilitosha bei hiyo, isingebaki hata ya mkate. Na kukodi gari la kuibeba friza kutoka Isipingo wangelikodi kwa hela gani? Duka la Umbilo lilikuwa hatua mia tatu kutoka nyumbani kwao.

"Si wameandika wenyewe?" Félicité aliuliza. "Nenda uwaambie."

"Nitakwenda."

Jumanne hakwenda. Jumatano hakwenda. Alhamisi mchana alimwonyesha karatasi Papy, mlinzi wa safu ya pili, mtu wa Bukavu mwenye mdomo usiolala.

"Mwalimu, weye iko na wazimu?" Papy alisema. "Yule madamu meneja iko na namba ya Gaël kwa telefone yake. Ile maneno ya kwa kioo iko ya wazungu na wahindi. Siye tunalinda magari yao tu."

"Imeandikwa mteja. Haikuandikwa mteja wa kabila gani."

"Eish! Basi enda ukawafundishe kusoma."

Pascal alivua kizibao, akakikunja, akamwachia Papy, kwa sababu walinzi hawakuruhusiwa kuingia madukani wamekivaa. Akaingia. Kiyoyozi kilimpiga jasho la shingoni likawa baridi kama maji ya kisima. Mara ya mwisho kuogopa vile alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, usiku waliotoka Kongo.

Msichana wa malipo aliitazama karatasi, akamtazama yeye, akamwita meneja. Meneja alikuja akitabasamu, mwanamke wa Kihindi wa miaka hamsini, miwani kifuani. Kila siku saa mbili kasoro Pascal alilipokea gari lake jeupe. Sasa alimtazama usoni bila dalili yoyote ya kumjua. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akikiona kizibao.

"Hatulinganishi na duka hilo," alisema kwa Kiingereza.

"Samahani, madamu. Kwenye kioo mmeandika duka lolote."

Tabasamu likapungua. "Una kitambulisho?"

Pascal akatoa karatasi yake ya ukimbizi, iliyokaa ndani ya plastiki pamoja na picha yake ya zamani kidogo. Meneja aliichukua kwa ncha za vidole, akaingia nayo kwenye ofisi ya kioo, akafunga mlango.

Hapo ndipo hofu ilipomkamata barabara. Alimwona anainua simu. Alimwona anasoma karatasi, anamtazama, anasoma tena, anaongea. Anaongea na nani? Na Gaël? Na polisi? Na watu wa uhamiaji? Mlinzi wa mlangoni, Mzulu mwenye mabega mapana, alijisogeza akasimama katikati ya mlango. Pengine miguu ilimchosha tu, lakini Pascal aliona njia imezibwa. Angeweza kuacha kila kitu akatoka. Ila karatasi ilikuwa kule ndani, na bila karatasi ile asingefika hata kwenye robot, taa za magari za pale konani, bila kuwa mtu wa kukamatwa. Basi alisimama. Alisoma bei ya kila pasi iliyokuwa rafuni. Dakika ishirini.

Meneja alirudi. "Nimepiga simu Isipingo. Ya mwisho wameiuza leo asubuhi. Hawana tena, kwa hiyo hatuwezi."

Karatasi yake ilikuwa imerudi mkononi. Mlango ulikuwa pale. Mtu yeyote mwenye akili angesema asante akaondoka. Lakini Pascal alikuwa amesahihisha madaftari miaka kumi na moja, na kosa lililokuwa wazi lilimwasha kama upupu.

"Madamu," alisema, sauti ikitetemeka mpaka yeye mwenyewe akaona haya, "naomba unisomee masharti yenu. Yale madogo ya chini, kwenye tangazo la hapo kaunta."

Wateja wawili waligeuka. Meneja alivaa miwani, akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Masharti yalisema bidhaa iwepo katika duka hili. Hayakusema lolote kuhusu kubaki au kuisha huko kwingine, ila tu kwamba tangazo liwe halijapita siku zake. Alisoma mara mbili. Bibi mmoja mwenye kikapu alisema kwa sauti, bila kumwangalia mtu, kwamba hata yeye angependa kusikia jibu.

"Jaza fomu," meneja alisema.

Fomu ilikuwa na visanduku vinane. Jina, simu, anwani. Cha mwisho: mahali pa kazi. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba si lazima. Pascal aliliona neno hilo. Lakini muulize mkimbizi yeyote wa mji ule, atakuambia walichofundishwa na foleni za miaka yote kwenye ofisi ya serikali: usiache kisanduku kitupu kamwe. Kisanduku kitupu hukurudisha nyumbani, uje tena baada ya miezi sita. Mkono wake ukaandika wenyewe, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: mlinzi wa magari, uwanja huu, safu ya kwanza.

Alitambua alichofanya baada ya kuiachia fomu.

Meneja alisoma. Akainua macho, akatazama nje kupitia kioo, mahali lilipoegeshwa gari lake jeupe na hapakuwa na mtu. Akamtazama Pascal tena, safari hii kwa muda.

"Ahaa," alisema. Akatia sahihi.

Papy alisaidia kuisukuma friza kwenye mkokoteni wa duka hadi ng'ambo ya barabara. Félicité alipiga vigelegele, majirani wakatoka kutazama. Samaki walirudi nyumbani jioni ileile. Pascal aliwekewa ugali, akaukodolea macho.

"Kula, baba watoto. Si umeshinda?"

"Niliandika ninapofanya kazi."

Félicité aliishusha sahani aliyoshika. Hakumlaumu, na hilo lilizidi kumtisha. Papy, aliyekuwa bado mlangoni, alijaribu kucheka: "Mwalimu, umenunua frigo, umeuza safu."

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, walinzi walikusanyika ukutani kama kawaida. Pascal alinyoosha ada yake. Gaël hakuipokea.

"Leo hapana, Mwalimu. Madamu alinipigia jana. Hakusema kosa, alisema nibadilishe mtu tu. Mi iko na watoto, unielewe." Kisha akageuka upesi, kama mtu anayekwepa moshi. "Papy, chukua safu ya kwanza."

Papy alikuwa ameitamani safu ile miaka yote minne. Pascal aliteremsha macho ili asimwone akiipokea.

"Mi hapana," Papy alisema. "Jua ya pale inaniumiza kichwa."

"Jua gani? Hardy, enda weye."

Hardy alishika goti ambalo halijawahi kumuuma. "Mguu, chef," alimwambia msimamizi. "Pale iko mteremko."

Gaël akamfuata Peguy, na Peguy akasema amezoea magari ya safu ya nne. Akamfuata Ambokile, Mtanzania, ambaye alisema tu kwamba hajisikii, kisha wawili waliobaki, nao wakakataa vilevile. Walizungumza wakitazama viatu vyao, kila mmoja na uongo wake mdogo, sauti zao zikiwa chini, kwa maana wote walikuwa na woga uleule. Hakuna aliyelitaja duka. Wakalipa ada za safu zao, wakaenda kusimama.

Pascal alibaki upande wa pili wa barabara. Saa mbili kasoro gari jeupe likaingia, likapunguza mwendo mbele ya safu ya kwanza, likasimama na taa ya kukatia kona ikiwaka, likingoja mkono wa kulielekeza. Lilingoja kwa muda. Walinzi sita walikuwa uwanjani, na wote sita walilitazama, hakuna aliyeinua mkono.