Jiwe la Katikati

Mimi hasira zangu ziko karibu, kijiji kizima kinajua. Lakini siku ile nilipoingia ndivani na sketi yangu, kilichonisukuma zaidi kilikuwa hofu. Mahindi yetu ya kule tambarare, Maore, yalikuwa yameshaungua na jua, na maharage yangu huku mlimani ndiyo kwanza yanatoa maua. Yakikosa maji wiki ile, wanangu wangekula nini?

Ndiva yetu ni bwawa la mawe na udongo, walilojenga babu zetu. Maji ya kijito yanakusanywa humo, kisha yanafunguliwa kwenda mashambani. Ukutani, katikati ya kina, kuna jiwe limechomoza. Watu wa mashamba ya juu walikuwa wakimwagilia mpaka maji yashuke usawa wa jiwe, yanayobaki yetu wa chini. Nusu kwa nusu.

Siku hizi mvua inachelewa, na ikija inamwagika kwa pupa na kushusha udongo wa mlima. Zamani baragumu lingelia, tukatoka wote msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope: wanaume ndani, wanawake tukipokea makarai ukingoni, maana mwanamke akitia mguu ndivani eti itakauka. Lakini misimu miwili hatukutoka. Wa chini tuliwaita wa juu wezi, wa juu wakatuita wavivu, na hakuna aliyekubali kumzolea mwenzake tope. Wanaume walishikana mashati hadi msibani.

Asubuhi hiyo mgawa maji, kaka wa marehemu mume wangu, alisimama ukingoni na fimbo yake ya kupimia. "Maji yamefika kwenye jiwe," akasema. "Sasa zamu ya chini. Msiseme mmeonewa."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Hayo ni maji au uji?"

Nyuma yangu wanaume wa chini walishaanza kuinua majembe. Nikaona hapa leo mtu atazikwa. Nikavua kandambili, nikaingia.

Weee! Makelele yake! "Mama, toka humo!" Sikutoka. Tope lilinimeza mpaka mapajani, na juu yake maji hayakuzidi kina cha kiganja.

"Njoo upime, shemeji. Nusu yetu ndiyo hii?"

Akachomeka fimbo, akaizamisha, akaichomoa. Ilikuwa nyeusi kwa tope karibu yote. "Sikujua kama ni hivi," akasema taratibu.

"Ungejuaje? Kwenye kikao cha maji mnakaa wenyewe, sisi mnatuita kubeba tope."

Kesho yake baragumu likalia. Tulizoa siku tatu, wa juu na wa chini, wanawake tukiwa humo humo ndani, na ndiva haikukauka. Kikao kikaamua pande zipokezane kuanza. Kisha wanawake wa juu, ndio hao hao niliokuwa siwasalimii, wakasema fimbo nipewe mimi. Shemeji akanikabidhi. "Haya, uone utamu wake," akanitania.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa zamu ya chini kuanza. Shamba langu ni la mwisho kabisa. Maji yalikuwa ndiyo yanaingia vizuri, imebaki mistari mitatu ya maharage, nikaitwa: jiwe limeonekana.

Mistari mitatu tu, jamani! Watu wote walikuwa wananitazama. Nikafunga maji, nikawaachia wa juu yaliyobaki.

Mistari ile ilikufa, na niliilia, sifichi. Ila tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuja ndivani na jembe, isipokuwa siku ya kuzoa tope.