Mpira Uliotoka Kwenye Mathenge

Siku yangu ya kwanza kupoteza mpira wa gofu, mchungaji mmoja aliyekuwa akipita na ngamia wake alisimama akaniuliza nimepoteza nini. Kwetu Garissa hilo si swali la udaku. Ukimkuta mtu anachungulia chini ya vichaka unamsaidia, maana kesho huenda ukawa wewe na mbuzi wako. Nikamwambia ni kitu cheupe, kidogo, kama limau. Akawaacha ngamia wake wakila majani, tukatafuta pamoja karibu saa nzima. Yeye ndiye aliyekiona. Akakipangusa kwa shuka yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamshukuru, nikakiweka chini mbele yake, nikakipiga kwa fimbo hadi kikapotea tena. Yule bwana alinitazama kwa huruma ambayo sijaisahau, akaniombea afya njema kwa Mungu, akaenda zake.

Mimi nauza dawa za mifugo mjini. Gofu nilifundishwa na jirani yangu, afisa wa maji aliyehamishiwa huku kutoka Nyeri, ambako nasikia viwanja vina majani mabichi na watu hucheza wakiwa wamevaa sweta. Yeye ndiye aliyepima uwanja wetu wa mashimo sita kwenye mchanga nje ya mji. Nasema sita, lakini ngiri wamechimba mengine yasiyo na idadi. Pale kwenye shimo, ambapo wenzetu wana nyasi zilizokatwa vizuri, sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji na kusawazishwa kwa fagio. Tunacheza baada ya swala ya alasiri, jua likianza kupunguza hasira. Korongo wa mjini wameshaniibia mipira minne. Walichoifanyia sijui, na sitaki kujua.

Lakini adui mkubwa ni mathenge. Hicho kichaka cha miiba hakuna mtu huku asiyekilaani: kinaua meno ya mbuzi, kinatoboa magurudumu, na mpira ukiingia ndani yake, kuutoa ni kuchangia damu.

Kwa miaka mitatu jirani yangu alinishinda kila Jumamosi. Si kwamba alinishinda kwa mbali. Alinishinda kwa pigo moja, kwa mawili, huku akiniambia, "Leo umejitahidi, ndugu yangu," kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. Kisha ikaja barua ya kumhamisha. Angeondoka Jumatatu. Ilikuwa imebaki Jumamosi moja tu, na nilitaka kumshinda mara moja, moja tu, kabla hajaenda kuwasimulia watu wa Nyeri jinsi alivyonitawala. Mke wangu aliniona nikifanya mazoezi uani na mwiko wa ugali, akanyamaza. Alishakata tamaa na mimi.

Jumamosi hiyo abti, mjomba wangu, alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Ijara kutibiwa goti, na kukaa ndani kulikuwa kumemchosha akaanza kugombana na redio. Nikamchukua tukaenda naye. Alitufuata nyuma polepole na mkongojo wake, bila kuficha maoni yake.

"Hii shimo," alimuuliza jirani yangu, "iko bale bale kila siku?"

"Ndiyo, mzee."

"Haitembei?"

"Haitembei."

"Na nyinyi miaka tatu bado nakosa."

Nilikuwa nacheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza maishani mwangu. Tulipofika shimo la sita tulikuwa sare. Jirani yangu alimaliza kwa mapigo matano, akasimama kando ya shimo akinisubiri. Mimi nilipiga la kwanza likaenda vizuri. La pili likapinda, likaingia kwenye mathenge.

Nikaenda kuangalia. Mpira ulikuwa umelala juu ya mzizi, miiba juu, miiba pembeni. Jirani yangu alikuwa mbali, amenipa mgongo, akinywa maji kwenye chupa. Abti alikuwa bado anachechemea huko nyuma. Naapa sikupanga. Mguu wangu wa kulia ulipanga wenyewe. Uliingia chini ya kichaka, ukausukuma mpira kwa upole hadi kwenye mchanga safi, ukarudi mahali pake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Bahati," nilipaza sauti. "Umetoka wenyewe."

Pigo la tatu lilifika kwenye oili. La nne likatumbukia. Jirani yangu alinipa mkono kwa uungwana wote, akaniambia nimestahili, na nilifurahi hata nikasahau kuona haya. Tulikuwa bado tumeshikana mikono abti alipotufikia. Alikuwa amechelewa kwa sababu alisimama kwenye mathenge.

"Mpira uliingia pale kwa haraka," aliniambia kwa Kisomali, bila kuinua sauti. "Ukalala kwenye mzizi. Kisha kiatu cha kulia kikaja kwa pembeni, na mpira ukatoka polepole."

Nilihisi masikio yanawaka. Nimekaa mjini muda mrefu mno, nikasahau natembea na nani. Huyu ni mtu aliyewahi kumfuata ngamia aliyeibwa kwa siku nne, na akajua kwa nyayo tu kwamba ana mimba na kwamba aliyemwiba anachechemea. Mimi nikaenda kudanganya mbele yake, tena juu ya mchanga. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata hatua kumi.

"Mzee anasema nini?" jirani yangu aliuliza.

Ningeweza kusema kwamba ananipongeza. Jirani yangu hajui neno la Kisomali zaidi ya salamu na chai. Nilimtazama abti, na abti alitazama fimbo yangu.

"Uliza yeye," abti alimwambia jirani yangu kwa Kiswahili. "Yeye alikuwa hapo."

"Anasema niliutoa kwa mguu," nikasema.

Jirani yangu alicheka hadi akakaa mchangani. Kisha akainuka, akajipangusa, akaniongezea mapigo mawili ya adhabu bila huruma hata chembe, na juu yake mahubiri kwamba gofu ni mchezo wa waungwana, hauna refa, refa ni dhamira yako. Alikuwa amenishinda kwa pigo moja. Niliitikia kila sentensi kama mtoto wa madrasa.

Njiani kurudi nyumbani nilitembea mbele ya abti. Nilimkasirikia, na nilijua sina haki, jambo lililozidisha hasira. Tulipokaribia msikiti alinifikia.

"Yule mgeni wako," alisema, "aliutoa mpira wake kwenye kichaka cha shimo la pili. Na tena kwenye kichuguu cha shimo la nne. Huko alitumia fimbo, akafuta nyayo kwa kiatu. Alifuta vibaya."

Nilisimama barabarani nikapiga hesabu. Mara mbili, mapigo mawili ya adhabu kila mara. Nilikuwa nimemshinda kwa matatu, pamoja na adhabu yangu.

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Wewe ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Yule ni mgeni. Nyayo za mgeni hazifuatwi."

"Amekaa hapa miaka mitatu, abti."

"Na Jumatatu anaondoka."

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza jirani yangu hadi kwenye basi. Mdomo uliniwasha njia nzima. Alinikumbatia kwa dhati, macho yakiwa na machozi kidogo, na yangu pia, maana nilimpenda yule mtu. "Usijali," akaniambia, "iko siku utanishinda." Nikamwambia inshallah, nikampandishia mfuko wake wa fimbo garini.